Makopo ya Apisaloma

Apisaloma alirudi kijijini kwao Falevasa akiwa na umri wa miaka sitini na mbili, magoti mawili mabovu, na hofu moja aliyoipata Auckland.

Magoti yaliharibika polepole, kwa miaka ishirini na saba ya kunyanyua maboksi katika ghala la vyakula. Hofu ilimwingia kwa wiki moja tu, mwaka ule watu walipoambiwa wajifungie majumbani kwa sababu ya maradhi. Aliona kwa macho yake rafu alizozijaza alfajiri zikiwa tupu kabla ya saa sita mchana, na wanawake wawili wa heshima zao wakivutana kwa mfuko wa unga mpaka ukapasuka, wote wawili wakawa weupe kama mizimu. Tangu siku hiyo hakuiamini tena rafu ya dukani.

Mkewe Moelagi, aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali huko huko, alidhani wakirudi kwao kisiwani Savaii hofu ile itaachwa uwanja wa ndege. Haikuachwa. Ilipanda nao, ikashuka nao, na wiki ya pili baada ya kufika ikaagiza matofali.

Kile chumba alichokijenga kilikuwa cha saruji tupu, hakina dirisha hata la kupenya panya, kina paa la bati na mlango wa chuma wenye kufuli ukubwa wa ngumi. Alikijenga pembeni mwa nyumba ambayo, kama nyumba zote za Falevasa, ilikuwa nguzo na paa tu, na mikeka ya kuteremsha mvua ikinyesha. Mtu akipita njiani alimwona Apisaloma akila, akilala, akijikuna. Kitu pekee asichoweza kukiona ni kilichokuwa ndani ya kile chumba, kwa hiyo ndicho hicho kila mtu alichotaka kukiona.

Wengine walisema anajenga choo cha kizungu, wakampongeza. Wengine walisema amerudi na ndugu mwenye wazimu. Mke wa mchungaji alihofia ni pombe. Apisaloma hakumjibu mtu. Kutwa alikuwa na simu mkononi, akimsikiliza bwana mmoja wa Queensland mwenye ndevu hadi kifuani, aliyeishi porini na makopo elfu nne na kufundisha ulimwengu mzima namna ya kusalimika. Bwana yule alisema meli zitasimama, mafuta yatakauka, na mwenye akili ataweka chakula cha siku mia tatu sitini na tano. Apisaloma akaweka: samaki wa kopo, nyama ya kopo, biskuti ngumu, mchele, sukari, chumvi. Chakula cha watu wawili, mwaka mzima, kimepangwa kwa tarehe, kopo la zamani mbele na jipya nyuma, kama alivyofundishwa kazini.

Wa kwanza kuuliza waziwazi alikuwa dada yake, Valasi, aliyemzidi miaka minne na maneno elfu kumi. Alikuja asubuhi moja na kikapu mkononi, akaketi kwenye mkeka akielekea ule mlango wa chuma.

"Humo ndani unafuga nini?"

"Sifugi kitu, dada. Ni chakula cha akiba."

"Akiba ya lini?"

"Ya siku ya njaa."

Valasi aligeuka akautazama mshelisheli uliokuwa nyuma ya nyumba. Matunda yake yalikuwa yakianguka yenyewe, nguruwe wa jirani wanayakanyaga kwa kushiba. Akatazama mlimani, kwenye mashamba ya magimbi ya ukoo. Akatazama baharini, ambako mumewe Poasa alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni akipiga pweza.

"Njaa ya nani?" akauliza.

Apisaloma akamweleza habari za meli, mafuta, vita vya mbali, maradhi na tabia ya wanadamu wakipungukiwa unga. Valasi alimsikiliza kwa upole, kama anayesimuliwa ndoto na mgonjwa wa homa. Alipomaliza, alisema ameelewa vizuri sana, na kwa kuwa mchungaji anakuja kula kwake Jumapili, ampe makopo mawili ya nyama.

Mwanamume wa Savaii humnyima mkewe, humnyima jirani, akikosa adabu humnyima hata mchungaji, lakini hamnyimi dada yake. Apisaloma akafungua kufuli. Valasi alisimama mlangoni akatazama rafu zinazopanda hadi darini, safu kwa safu, vibandiko vyote vimeelekea mbele kama kwaya. Alipokea makopo yake mawili, akayafunika kwa jani la mgomba, akaenda zake, na kabla ya kengele ya sala ya jioni kijiji kizima kilijua idadi ya rafu, idadi ya safu, na kwamba za nyama ziko upande wa kushoto.

Basi wakaanza kuja. Hakuna aliyekuja kuomba, maana kuomba kwa Falevasa ni fani, na mwanafani haanzii kwenye shida yake. Mmoja alikuja kuyapa pole magoti. Mwingine alikuja kuusifu mlango, akaugonga kwa vidole, akasema chuma kama hiki siku hizi hakipatikani. Mzee mmoja alikaa saa nzima akimlilia marehemu baba yake Apisaloma, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemchimbia kaburi, tena siku ya mvua, na alipokwisha kufuta machozi ndipo akakumbuka kuwa mwalimu wa mjukuu wake atapita kwake Ijumaa na nyumbani hakuna cha kumwekea mgeni. Wote waliondoka na kitu kwapani.

Bwana wa Queensland alikuwa amefundisha mengi kuhusu wezi. Alifundisha seng'enge, mbwa, taa za kuwaka zenyewe na namna ya kulala na panga. Hakufundisha chochote kuhusu mtu anayekuja na adabu zake, akaketi, akakuuliza habari za watoto wako walioko ng'ambo kwa majina.

Apisaloma alijaribu kuwaambia kwamba vile ni vyakula vya dharura. Walikubaliana naye kabisa. Ndiyo maana, walisema, wamekuja wakiwa na dharura.

Jumapili iliyofuata mchungaji, akiwa bado na kumbukumbu njema ya ile nyama ya kopo, alihubiri habari za Yusufu. Alisema Mungu alimpeleka Yusufu nchi ya mbali, akamweka kwenye maghala, akamfundisha kuhifadhi, ili siku moja awalishe ndugu zake. Shingo za kanisa zima ziligeuka taratibu kuelekea benchi la Apisaloma. Apisaloma alikuwa anaijua Biblia yake. Alikumbuka kwamba Yusufu hakuwapa Wamisri nafaka bure, aliwauzia mpaka wakatoa mifugo na mashamba, akakaa akisubiri mchungaji afike kwenye aya hiyo. Mchungaji hakufika. Alisema amina, na mke wake akakohoa akitazama upande wa kushoto, kama aliyekuwa anaona rafu.

Miezi mitatu baadaye wakaja wazee watatu wakiwa na mizizi ya kava, ile ya kutengenezea kinywaji cha heshima, na nguo zao za kikao. Mbele alikuwa Lauvao, msemaji wa kijiji, mtu mrefu mwenye usinga begani na fimbo ambayo hakuihitaji kwa kutembelea. Lauvao alizungumza robo tatu ya saa. Alianza na mababu waliokuja na mitumbwi, akawataja mmoja mmoja, akamtaja hata mmoja ambaye ukoo wenyewe ulikuwa umemsahau. Mwisho akafika kwenye jina la Ulufatu, cheo cha ukoo wa Apisaloma, ambacho kwa miaka kumi na mmoja hakikuwa na mtu wa kukivaa, kwa sababu kila walipotazama hawakumwona mwenye uzito wa kutosha.

"Sasa," alisema Lauvao, "tumeuona uzito."

Moelagi alikuwa nyuma ya pazia la mkeka akikunja nguo. Wazee walipoondoka alimwambia mumewe kwamba huo uzito waliouona uko kwenye rafu, na kwamba mwenye cheo si anayepewa, ni anayetoa. Akamwambia afikiri mara mbili.

Apisaloma alifikiri. Lakini alichofikiria si maboksi. Alifikiria wasimamizi vijana wa kule ghalani, ambao kwa miaka ishirini na saba walishindwa kulitamka jina lake, wakamwita Abe, wengine wakamwita "wewe mkubwa". Alifikiria siku ya kustaafu, walipomkatia keki iliyoandikwa jina la mtu mwingine. Na sasa watu wazima watatu walikuwa wamekuja kukaa kwenye mkeka wake wakilitaja jina la babu yake kama linalotoka kwenye kitabu. Macho yake yalikuwa yamelowa kabla Lauvao hajafika hata nusu. Akakubali.

Sherehe ya cheo ilichukua siku mbili na kumeza maboksi ishirini ya samaki, kumi na moja ya nyama, na biskuti zote. Akawa Ulufatu. Ile akiba ya siku mia tatu sitini na tano ikabaki ya siku mia moja na tisini, na kwa hesabu hiyo ilikuwa bado haijaja hata njaa moja.

Hapo ndipo alipoamua kutumia akili. Alikwenda mjini Salelologa akamkuta mwenye duka mmoja ana mzigo uliokaa stoo miaka mingi kwa kukosa mnunuzi: dengu za kopo na bitiruti za kopo. Akaununua wote. Akazipanga dengu na bitiruti mbele, kwenye rafu zote zinazoonekana, na maboksi ya samaki na nyama akayasukuma nyuma kabisa, akayafunika kwa turubai. Tangu siku hiyo aliyekuja na adabu zake alipewa dengu. Aliyekuja na machozi alipewa bitiruti. Mwanamke mmoja hakujua afanye nini na bitiruti zake akawamwagia nguruwe, na alipowakuta midomo imekuwa myekundu alimwita muuguzi wa zahanati mbio akidhani wamepata ugonjwa wa kutapika damu. Habari zikaenea. Ndani ya wiki tatu wageni walipungua, na Apisaloma, kwa mara ya kwanza tangu ajenge, alilala mchana bila mtu kuja kuyapa pole magoti yake.

Kisha meli haikuja.

Meli ya mizigo iliyotegemewa kutoka ng'ambo iliharibika injini katikati ya bahari, ikavutwa hadi bandari ya nchi nyingine, na redio ikasema itachukua wiki tano, labda sita. Kwanza iliisha sukari. Ikafuata unga, mchele, samaki wa kopo, nyama ya kopo, mwishowe mafuta ya kupikia. Maduka ya Savaii yakabaki na sabuni na kamba za viatu.

Apisaloma aliposikia habari ile alinyoa ndevu, akafunga kikoi safi, akakaa kama anayesubiri mgeni wa heshima. Hakuwa mtu mbaya. Hakumtakia mtu njaa. Lakini mtu aliyechekwa miezi minane kwa kubeba mwavuli, mvua ikianza kunyesha, hawezi kujizuia kutazama juu kwa uso wa furaha kidogo. Alimwambia Moelagi kwamba siku ile imefika. Alimpa masharti yote ya bwana wa Queensland: watakula mara mbili kwa siku, ndani ya mikeka iliyoteremshwa, hawatapika kitu chenye harufu, na wakitoka nje wasionyeshe kushiba.

Baada ya hapo alikaa ukingoni mwa nyumba akiangalia njia, aione njaa ikipita.

Siku ya kwanza alimwona Poasa akipita na kamba ya samaki inayogusa chini. Siku ya pili moshi wa matanuri ya mawe ulipanda kutoka nyumba saba. Siku ya nne vijana waliteremka mlimani na mizega ya magimbi, wakiimba. Watu walinung'unika, ni kweli. Walinung'unika kwamba chai bila sukari ni maji ya kuogea. Mke wa mchungaji alinung'unika kwamba hawezi kuoka mikate. Lakini wiki ya pili ilipoingia, watu walikuwa wametulia, wamenawiri, na muuguzi wa zahanati alisema kwa sauti ya chini kwamba presha za wazee zimeshuka, ila hilo lisitangazwe, wasije wakaizoea hali.

Katika kijiji kizima, waliokuwa wakila vibaya ni watu wa nyumba moja. Apisaloma aliogopa kuyagusa maboksi ya nyuma mapema, kwa hiyo alianza na yale ya mbele: dengu mchana, dengu na bitiruti jioni. Yeye hakuwa na shamba. Hakuwa na mtumbwi. Alipojenga hakupanda hata shina moja la gimbi, maana aliona gimbi linaoza na kopo haliozi.

Siku ya tisa aligundua kwamba kila saa ya kula ikifika Moelagi hukumbuka jambo la kwenda kumwambia wifi yake. Alimsubiri arudi. Alirudi mdomo unang'aa mafuta.

"Umekula," Apisaloma alisema.

"Nimeonja."

"Umeonja nini?"

"Nguruwe. Na shelisheli. Na pweza wa tui." Akafikiri. "Na samaki, lakini huyo nilimaliza."

"Tuko kwenye njaa, Moelagi."

"Wewe ndiye uko kwenye njaa, baba. Mimi niko kwa wifi."

Kesho yake Valasi alileta sahani iliyofunikwa kwa jani, akampa Moelagi, akasema ni ya mgonjwa. Apisaloma alikataa kwa muda unaostahili. Kisha akaichukua, akaingia nayo ndani ya kile chumba, akafunga mlango, akaila akiwa amesimama katikati ya makopo yake, kwa vidole, haraka, kama mwizi.

Falevasa si mahali pa siri. Habari zikaenea kwamba Ulufatu, mwenye cheo kipya, hana shamba, hana mvuvi, anakula vitu vyekundu vya nguruwe. Kikao cha wazee kilikaa kikalijadili. Lauvao alisema kwa masikitiko kwamba ni aibu kwa kijiji kizima mtu wao mmoja kufa njaa wakati wengine wanatupa mabaki. Ikapangwa zamu. Kila siku nyumba moja ilimpelekea kikapu, na waliokuja nacho walikaa kwenye mkeka, wakamuuliza habari za watoto kwa majina, wakaondoka bila kuutazama ule mlango wa chuma hata kidogo, jambo lililomuuma zaidi kuliko siku zote walipoutazama.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa wiki ya nne, wakati shangazi Sinapati alipofariki.

Alikuwa na miaka tisini na mmoja, dada wa mwisho wa baba yao, na msiba wake ulikuwa wa ukoo wa Ulufatu. Hilo lilimaanisha ni msiba wa Apisaloma. Vijiji vinne vilituma salamu kwamba vinakuja na mikeka ya heshima, ile laini inayofumwa miaka miwili. Na anayekuja msibani na mkeka haondoki mikono mitupu. Kila kundi huondoka na maboksi, ya samaki na ya nyama, yanatangazwa uwanjani kwa sauti ili walio hai na waliokufa wasikie. Lakini katika kisiwa kizima cha Savaii, dukani hapakuwa na boksi hata moja.

Valasi alikuja mchana. Safari hii hakuwa na kikapu wala utani. Alikaa akanyoosha nguo yake nyeusi magotini.

"Ulipougua surua ukiwa mtoto," alisema, "mama alikuwa na mimba, hakuruhusiwa kukukaribia. Shangazi ndiye aliyekuwa akikutafunia chakula akikupa mdomoni. Sikuombi kitu, Apisaloma. Nimekuja kukwambia tu kwamba amekufa."

Alipoondoka, Apisaloma aliingia chumbani akaliondoa turubai. Yalikuwa maboksi arobaini na tisa. Alikaa juu ya moja akayatazama mengine. Alijiambia kwamba msiba wa heshima unatosha kabisa kwa arobaini na tatu. Sita si mengi. Sita ni ya mtu na mkewe tu, na meli nani anajua. Akayarudisha sita nyuma, akayafunika, na arobaini na tatu akawaita vijana wayatoe uwanjani, mbele ya watu. Yalipopangwa yakawa ukuta, na mnong'ono ulipita kwenye umati kama upepo kwenye migomba. Apisaloma alikaa kwenye nafasi yake ya cheo akiwa ameinamisha kichwa, akasikia, chini ya huzuni, kijoto fulani kifuani ambacho akiba haikuwahi kumpa.

Lauvao akasimama, akatupa usinga upande huu na upande ule, akawageukia wageni. Alimsifu marehemu, akaisifu mikeka. Kisha akaushukuru mkono wa Ulufatu, ambao katika wakati huu ambapo wafalme wenyewe hawana samaki, umetoa, akasema kwa sauti ya kufika baharini, maboksi arobaini na tisa.

Vijiji vinne viliitikia kwa pamoja. Apisaloma aliinua kichwa. Lauvao hakumtazama. Alikuwa ameegemea fimbo yake kwa utulivu wote, akisubiri, na pembeni kwenye safu ya wanawake Valasi, aliyeketi bega kwa bega na Moelagi, alikuwa akichunguza kucha zake. Hapakuwa na la kufanya. Apisaloma aliwapa ishara vijana, akawaambia kwa sauti ya mtu aliyesahau kidogo tu kwamba kuna mengine sita nyuma, chini ya turubai.

Hata dengu zilikwenda. Lauvao aliwakabidhi watu wa kijiji cha mbali kabisa, akiziita chakula kipya cha ng'ambo ambacho wenye daraja zao huko hawali kingine, na wale waliondoka nazo wakijivuna.

Vilivyokuja kutoka upande wa wageni vilikuwa nguruwe, vikapu vya magimbi, mikeka, na samaki wabichi. Fungu la Ulufatu lilikuwa kubwa kuliko yote, na kwa kuwa nyama haingojei wala haiingii kwenye kopo, ilibidi aigawe yote kabla ya jua kuzama. Aligawa mpaka mikono ikachoka. Moelagi alimwona akimwita mtu anayepita njiani, mtu asiyemjua vizuri, na kumlazimisha achukue mguu wa nguruwe.

Meli ilifika wiki ya sita. Wiki ya nane gari jeupe lilikuja kutoka mji mkuu, Apia, likiwa na watu watatu wa mradi fulani wa maafa, wamevaa fulana zinazofanana. Kiongozi wao alikuwa mwanamke aitwaye Fuatino, msomi, mwenye daftari. Walikuwa wamesikia kwamba Falevasa haikutikisika wakati wote wa upungufu, na kwamba siri yake ni ghala. Waliomba kuliona. Apisaloma akafungua kufuli, ambalo kwa mazoea alikuwa bado analifunga, wakapiga picha rafu tupu na makopo mawili ya bitiruti. Fuatino alisema wazo lake ni la mfano, na kwamba wanafikiria kila kijiji kiwe na chumba kama hiki, chenye mlango kama huu. Akamuuliza ghala liliwalisha watu wangapi, kwa muda gani.

Apisaloma alitaka kusema kweli. Alitaka kumwambia kwamba wakati wa upungufu ghala halikulisha mtu, na kwamba mwenye ghala ndiye pekee aliyelishwa na wengine. Alikuwa ameshasema, "Mama, kwa kweli," Lauvao alipokohoa, akainuka na fimbo yake.

Lauvao alianza na mababu. Dakika ishirini baadaye alifika kwenye ghala, akasema ndilo lililowaokoa, lakini ni dogo, halina umeme, na kijiji kinaona haya kupokea wageni wa serikali bila friji kubwa. Friji nayo ina tabia ya kutaka jenereta. Na ghala tupu, kama wageni wenyewe walivyoona, haliokoi mtu, hivyo lingehitaji kujazwa, tuseme, kila mwezi. Wale wenye fulana walikuwa wanaandika. Walitikisa vichwa kukubali kila alipovuta pumzi, na Apisaloma, akiwatazama, aliwaonea huruma hata akainamisha uso.

Walilishwa vizuri, wakapewa vikapu vya magimbi kwenye gari, wakaondoka. Baada ya mwezi ilikuja barua. Haikutaja friji. Ilisema Falevasa imechaguliwa kituo cha mfano, na ndani yake mlikuwa na bango la kutundika.

Apisaloma hakulisoma mpaka mwisho. Asubuhi hiyo alikuwa na ahadi na shemeji yake, Poasa, huko juu mlimani, kwenye kipande cha ardhi ya ukoo kilichoota majani tangu baba yake alipofariki. Walifyeka hadi saa nne, kisha Poasa akamwonyesha namna ya kutoboa shimo kwa mti uliochongwa, kuweka mbegu ya gimbi, na kushindilia kwa kisigino. Shimo la kwanza la Apisaloma lilikuwa fupi mno, la pili lingeweza kumzika mbuzi. Alipofika la kumi na mbili aliuliza yatakuwa tayari lini.

"Miezi minane. Tisa, kwa ulivyopanda."

Apisaloma akauliza mtu hula nini miezi tisa.

"Si utakula kwetu," alisema Poasa.

Apisaloma akasema ataona aibu, mtu mwenye cheo, kula kwa dada yake kila siku.

Poasa alikuwa ameinama, anachomoa shina lililokomaa kwenye shamba lake la upande wa pili kwa ajili ya chakula cha mchana. Alikung'uta udongo, akalitia kwenye kikapu, akashika jingine.

"Aibu si neno, shemeji," alisema. "Njoo nayo. Ila uje na chumvi, yetu imekwisha."